Je, Malengelenge Yana Thawabu?

Kila mwaka, Mei inapoelekea ukingoni, barabara zinazotoka Busia na Malaba kwenda Kampala hujaa watu wa miguu. Wapo waliotoka parokia za magharibi ya Kenya, wapo waliounga msafara kutoka mbali zaidi; na upande wa kusini wengine huvuka mpaka wa Mutukula wakitokea Kagera. Wote wanakwenda Namugongo, mahali ambapo Karoli Lwanga na wenzake, vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, walichomwa moto tarehe 3 Juni 1886 kwa kukataa kuikana imani yao. Kutoka mpaka wa Kenya hadi huko ni karibu kilomita 200. Hujaji hubeba rozari, mkeka, chupa ya maji na nguo ya kubadilisha. Lakini anayetaka kubashiri nani atafika mzima huanza kwa kumtazama miguuni.

Na miguuni mna kila kitu. Mna raba za mitumba zilizofungwa kamba zisizofanana. Mna ndala za plastiki. Mna sandali za matairi, ambazo Waganda huziita lugabire, Wakenya akala na Watanzania katambuga. Mna viatu vyeusi vya ngozi, vile vya Jumapili, ambavyo mwenyewe aliona ni adabu kumwendea shahidi wa imani akiwa amevivaa, na ambavyo kabla ya siku ya tatu vimekwisha kumgeuka. Na wapo wachache wanaokwenda peku kwa makusudi.

Hao wachache ndio wanaoleta swali. Mtu akifika kwenye basilika akiwa na malengelenge yaliyopasuka, je, amemtolea Mungu zaidi ya mwenzake aliyefika na nyayo nzima? Na yule aliyezunguka vibanda vya mitumba wiki mbili akitafuta raba isiyombana vidole wala kumpwaya kisigino, amepunguza kitu katika hija yake?

Ukiwauliza watu ghafla, wengi watajibu kwamba ndiyo, amepunguza. Kitu kilichogharimu zaidi kina thamani zaidi. Maumivu ni gharama. Basi anayeumia zaidi ametoa zaidi. Hesabu hiyo inaonekana haina kasoro. Ajabu ni kwamba vitabu vya dini vyenyewe, mara kwa mara vinapofika kwenye habari ya miguu, haviikubali.

Wakusanyaji wa hadithi Bukhari na Muslim wote wawili wamepokea kutoka kwa Anas bin Malik kisa cha mzee aliyeonekana akikokotwa katikati ya wanawe wawili, miguu haimbebi tena. Mtume Muhammad (s.a.w.) akauliza ana nini. Akaambiwa mzee ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu. Mtume akasema kwamba mateso ambayo mtu huyo anajitwika si kitu Mungu anachokihitaji, akaamuru apandishwe mnyama. Dada yake Uqba bin Amir naye alikuwa ameweka nadhiri ya kwenda peku mpaka kwenye Nyumba Takatifu ya Makka. Kaka mtu alipomuulizia, jibu lilikuwa kwamba atembee na apande. Hakukemewa kwa kutaka kwenda. Aliondolewa tu ule mzigo aliojiongezea.

Kisa cha tatu ndicho kinachoeleza vizuri zaidi, ingawa hakina viatu ndani yake. Mtu mmoja, Abu Israil, alikuwa amesimama juani. Alikuwa ameapa kusimama bila kukaa, kutokwenda kivulini, kutosema na mtu, na kufunga. Mtume akaagiza aseme, aende kivulini, akae, na amalize saumu yake. Yaani nadhiri ile ilichambuliwa kama mchele unavyochambuliwa kwenye ungo: saumu ikabaki, maana ni ibada, jua likatupwa, maana jua ni jua tu.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba raha ndiyo amri. Katika msafara mmoja wa vita, kwa mapokezi ya sahaba Jabir, wasafiri walihimizwa wachukue viatu vya kutosha kwa kuwa aliyevaa viatu ni kama aliyepanda kipando. Lakini Abu Dawud amepokea pia kwamba Fadhala bin Ubaid, akiwa mtawala huko Misri, alikutwa na mgeni hali yuko peku. Alipoulizwa, akasema Mtume alikuwa akiwaamuru waende peku mara moja moja. Gavana anayekwenda peku siku moja moja anajikumbusha wananchi wake wanatembeaje. Mzee anayekokotwa na wanawe hana wa kumkumbusha, anajiua tu.

Upande wa Wakristo jambo lilianza kwa utata, na utata wenyewe umo ndani ya Injili. Yesu alipowatuma mitume kumi na wawili, Mathayo anaandika kwamba aliwakataza kuchukua viatu. Marko, akisimulia utume uleule, anaandika kwamba waliambiwa wavae sandali. Wafafanuzi wamehangaika na tofauti hiyo kwa karne nyingi: wengine wanasema kilichokatazwa ni jozi ya akiba, wengine wanasema ni aina ya kiatu. Kwa msomaji wa kawaida, inatosha kuona kwamba mwinjili mmoja alikuwa akiwaza mzigo na mwingine akiwaza njia.

Fransisko wa Asizi alisikia maneno ya Mathayo yakisomwa katika kikanisa cha Porziuncola, yapata mwaka 1208, akavua viatu papo hapo. Huyo ndiye Fransisko wa picha na sanamu. Lakini Fransisko wa sheria, aliyeandika Kanuni iliyothibitishwa na Papa mwaka 1223, anaruhusu ndugu wanaolazimika wavae viatu. Miaka kumi na mitano ya kuongoza watu wenye miguu ya kila namna, katika milima ya Umbria yenye theluji, ilikuwa imepita katikati. Teresa wa Ávila naye, mwanzilishi wa Wakarmeli Peku huko Hispania mwaka 1562, aliwavalisha watawa wake sandali za kamba, licha ya jina la shirika. Na aliposikia inasemwa kwamba anataka mapadri wake waende peku kabisa, aliandika barua mwaka 1576 kwamba maneno hayo yanamchekesha, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiwazuia. Kilichomkera zaidi ni kuona vijana wa shirika wakiwa peku na huku wamepanda nyumbu wazuri wenye matandiko mazuri. Peku ya namna hiyo ilikuwa vazi tu, na Teresa alikuwa na jicho kali la kuona mavazi.

Anayekwenda peku Namugongo anaweza kujibu hayo yote, na hoja yake isipuuzwe. Atasema: sifanyi biashara na Mungu, wala sihesabu thawabu. Lwanga na wenzake walipelekwa kutoka Munyonyo wakiwa wamefungwa, wengine wakauawa njiani. Mimi nataka kuwa karibu nao, na ukaribu hauji nikiwa kwenye soli laini. Ni hoja ya upendo. Mama huketi macho usiku kucha kando ya mtoto mgonjwa hata kama kukesha kwake hakushushi homa, na hakuna anayemwambia kwamba anapoteza muda.

Lakini kuna tofauti ambayo hoja hiyo inairuka. Vijana wa Namugongo hawakuchagua moto. Walichagua kutokukana, moto uliletwa na wengine. Mama naye hakuchagua homa. Maumivu yao yalikuja kwa sababu walikuwa wameshika kitu kingine ambacho hawakutaka kukiachia. Anayejitafutia maumivu kwanza, kisha akatafuta maana ya kuyapa, amegeuza mpangilio. Pengine ni ukali kusema hivi, lakini anayejichagulia kokoto za kukanyaga anashika kwa wakati mmoja nafasi ya shahidi na ya mtesaji wake.

Kuna jambo jingine linalofanya peku ya hiari iwe neno gumu katika nchi hizi. Mamilioni ya watu hawakuichagua. Katika nyanda za juu za Ethiopia, Rwanda, magharibi ya Uganda na Kamerun kuna ugonjwa uitwao podokoniosisi. Wanyarwanda huuita imidido. Miguu huvimba, ngozi hukakamaa na kuota vinundu, mpaka mgonjwa hawezi kuingia kwenye kiatu chochote cha dukani. Wengi huudhani ni matende, lakini matende huletwa na minyoo inayosambazwa na mbu. Huu hauna mdudu. Chembe ndogo za madini zilizomo kwenye udongo mwekundu wa asili ya volkano hupenya ngozi ya unyayo, miaka baada ya miaka, na kuharibu njia za limfu. Inakadiriwa kwamba watu milioni 4 duniani wanaugua. Wengi wao ni wakulima, yaani watu wanaolisha wengine kwa kukanyaga udongo huo. Kinga yake inajulikana na haina maajabu: viatu tangu utotoni, na maji na sabuni jioni.

Ongeza hapo minyoo ya safura, inayoingia mwilini kwa kutoboa ngozi ya mguu, na funza, ambao katika baadhi ya vijiji vya Kenya na Busoga wamewatoa watoto shuleni. Mbele ya mguu wa mkulima wa namna hiyo, kuvua kiatu ili uonje umaskini ni jambo linaloweza kufanywa tu na mtu mwenye kiatu cha kurudia kukivaa. Hilo halilifanyi kuwa dhambi, ila linalifanya kuwa anasa ya aina yake.

Tunapenda kuwavua wengine viatu katika hadithi zetu. Abebe Bikila wa Ethiopia aliposhinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akiwa peku, kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 16, dunia ilimfanya nembo: Afrika isiyo na kitu inaishinda Ulaya katika mji wake mkuu wa kale. Ukweli una mvuto mdogo zaidi. Viatu alivyopata havikumkaa, na miguu yake ilikuwa imezoea mazoezi bila viatu, basi akaona bora asijichubue. Miaka minne baadaye, Tokyo, alikimbia na viatu vilivyomkaa, akashinda tena, na muda ukapungua kwa zaidi ya dakika tatu.

Kama kuna mahali ambapo dini ililitazama suala la kiatu kwa utulivu bila kulikimbia, ni katika Vinaya, sheria za watawa wa Kibuddha, ambamo sura nzima imetengwa kwa ajili ya ngozi na sandali. Sura hiyo inaanza na kijana Sona Kolivisa, mtoto wa tajiri wa Champa, mashariki mwa India. Alilelewa kwa ulaini kiasi kwamba nywele zilimwota chini ya nyayo. Habari zikamfikia Mfalme Bimbisara wa Magadha, akataka kujionea. Wazazi wakamwonya kijana asije akamnyooshea mfalme miguu. Akae amekunja, na mfalme ataziona nyayo zenyewe. (Wazazi wa pwani yetu wasingesema tofauti.)

Kutokana na safari hiyo Sona alikutana na Buddha, akaacha mali, akawa mtawa. Na kama waongofu wapya wengi, alitaka kuwapita wakongwe. Alitembea huku na huko akitafakari, bila kupumzika, mpaka miguu ikapasuka na njia ikajaa damu kama machinjio. Akaona hapati kitu. Akaanza kuwaza arudi nyumbani, mali bado ipo, atende mema akiwa raia wa kawaida.

Buddha alimwendea, na hakumsifu kwa damu ile. Alimuuliza habari ya kinanda alichokuwa akipiga zamani. Nyuzi zikikazwa mno, zilitoa sauti? Hapana. Zikilegea mno? Hapana. Mfano huo umekuwa maarufu. Hutajwa kila wanapofundisha juu ya njia ya kati. Kinachosahaulika ni kwamba ulitolewa kwa ajili ya mtu mwenye nyayo zilizopasuka, na kwamba kisa hakikuishia kwenye muziki. Kiliishia kwenye sandali. Buddha akamwambia Sona kwamba yeye ni mtu mlaini, anamruhusu kuvaa sandali za soli moja.

Sona akakataa. Alisema ameacha shehena za dhahabu na kundi la tembo. Watu watasema, tazama, ameacha yote hayo na sasa ameng'ang'ania sandali. Kama wenzake wote wataruhusiwa, naye atavaa. La sivyo, hapana. Buddha akawaruhusu wote.

Hapo pana fikra ambayo mahubiri mengi juu ya kujinyima hayaigusi. Sona hakukataa starehe, alikataa upendeleo. Hakudai kwamba wenzake wateseke pamoja naye ili haki ipatikane, alidai wavae pamoja naye. Na sheria ikabadilika kwa sababu ya mguu wa mtu mmoja uliotazamwa vizuri.

Kurasa zinazofuata katika sura hiyo zinachekesha na kufundisha kwa pamoja. Ruhusa ilipotoka tu, watawa wakorofi wakaanza kuvaa sandali za buluu, za manjano, nyekundu, zilizonakshiwa kwa ngozi ya simba na manyoya ya tausi. Zikapigwa marufuku. Wengine wakavaa viatu vya mbao na kupita navyo alfajiri wakipiga kelele kama mitalawanda kwenye sakafu ya mawe, wakikanyaga wadudu na kuwavuruga waliokuwa katika tafakuri. Navyo vikapigwa marufuku. Soli za tabaka nyingi zilikuwa zimekatazwa tangu mwanzo, mpaka siku mtawa mmoja alipoonekana akichechemea nyuma ya Buddha. Muumini mmoja aliyekuwa amevaa sandali za tabaka nyingi akazivua, akampa. Mtawa akasita: si zimekatazwa? Buddha akamwambia azichukue. Sandali za tabaka nyingi zilizokwisha kuvaliwa na mtu mwingine zinaruhusiwa, mpya, hapana. Msomaji aliyelelewa Mchikichini au Gikomba atakuwa ameelewa mara moja: mitumba ruksa.

Baadaye ikaletwa habari ya Avanti, nchi ya pembezoni, ambako udongo ulikuwa mweusi, mgumu, wenye mashimo ya kwato za ng'ombe. Huko hata sandali mpya za tabaka nyingi zikaruhusiwa. Sheria ilifuata ardhi.

Sasa, ni kiatu gani kinachomkaa mtu? Wachina wa kale walikuwa na majibu mawili, moja la kuchekesha na moja la kina. La kuchekesha ni la Han Feizi, aliyefariki mwaka 233 kabla ya Kristo. Anasimulia juu ya mtu wa Zheng aliyepima miguu yake ili akanunue viatu, akasahau kipimo nyumbani. Sokoni amekwisha shika viatu mkononi ndipo anakumbuka, anakimbilia nyumbani kukichukua, anarudi soko limefungwa. Watu wakamuuliza kwa nini hakujaribu kwa miguu yake mwenyewe. Akajibu kwamba anakiamini kipimo kuliko mguu.

Mtu huyo bado yupo, na siku hizi anasema, "Mimi navaa namba 42." Namba 42 ya Ulaya hueleza urefu tu, kila namba ikiwa theluthi mbili za sentimita. Haisemi chochote juu ya upana, wala urefu wa tao la unyayo, wala kidole cha pili kilichompita kidole gumba. Mguu una mifupa 26, na hauwi na ukubwa mmoja siku nzima: hutanuka ukibeba uzito, na huvimba kwa joto na kwa mwendo. Ndiyo maana wanaojua hununua viatu vya safari alasiri, wakiwa wamesimama, wakiwa na soksi zilezile watakazovaa njiani, na wakiufuata mguu mkubwa, kwa kuwa ni watu wachache ambao miguu yao yote miwili imelingana. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, la sivyo kila mteremko utapigilia ukucha. Kiatu kikunjike pale vidole vinapokunjika, si katikati ya tao. Kisigino kishikwe bila kusuguliwa. Na kwa sandali, gidamu ya kati ya vidole ndiyo ya kuchunguzwa kwanza, maana hiyo ndiyo inayochubua. Mitumba ina uchunguzi wake wa ziada: igeuze, utazame soli imelika wapi. Aliyetangulia kuivaa ameacha mwendo wake humo, na kama alikuwa akikanyagia ukingo wa nje, kiatu kitakulazimisha ukanyagie huko huko.

Fundi wa katambuga anayeketi chini ya mwembe hana namba. Huweka kipande cha boksi chini, humwambia mteja asimame juu yake, kisha huzungusha kalamu kuufuata wayo, kwanza wa kulia, halafu wa kushoto. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini Ulaya, kwa karne mbili hivi hadi katikati ya karne ya 19, viatu vingi vilishonwa bila kutofautisha kulia na kushoto. Mvaaji alitakiwa avumilie mpaka ngozi ijifunze.

Jibu la kina ni la kitabu cha Zhuangzi, katika sura yake ya kumi na tisa. Huko inasemwa kwamba kiatu kinakaa sawa pale mtu anapousahau mguu wake. Kwa suala la hija, wazo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Anayetembea na kiatu kinachombana hawezi kusali kwa muda mrefu bila kurudishwa kwenye kidole chake kidogo. Anayaona malengelenge, haoni njia, hamwoni mwenzake anayebaki nyuma. Maumivu yanadai usikivu wote, na ni usikivu uleule ambao hujaji alikuwa amekusudia kuutoa mahali pengine. Kiatu kizuri humrudishia.

Ila kuna kiatu kingine kinachokataa kusahauliwa, nacho si kile kinachobana. Epictetus, mwanafalsafa aliyezaliwa mtumwa na aliyekuwa kiwete, alifundisha kwamba mguu ndio kipimo cha kiatu. Ukikivuka kipimo hicho, hakuna tena mpaka: leo kiatu kilichotiwa dhahabu, kesho cha zambarau, keshokutwa cha kutariziwa. Angewaelewa vizuri watu wanaokwenda msikitini Ijumaa. Mwenye makubazi mapya ya Lamu huyavua mlangoni, husimama safu ya tatu, na nusu ya moyo wake hubaki kwenye rafu ya viatu. Wenye uzoefu huenda na ndala zilizokwisha, ambazo hata mwizi atazionea huruma. Kuna wanaoliona hilo kuwa uzembe. Huenda ni maandalizi ya sala.

Mlango wa msikiti unafundisha pia kwamba kuvua viatu si lazima kuwe kujitesa. Musa aliamriwa kuvua vyake kwenye bonde takatifu, na Qur'ani na Taurati zote zinalitaja hilo. Wafasiri walitofautiana kwa nini. Wengine walipokea kwamba viatu vilikuwa vya ngozi ya punda mfu, si safi; wengine wakasema ni ili nyayo zipate baraka ya ardhi yenyewe. Hakuna kati yao aliyesema ni ili aumie. Alivua alipofika, baada ya kuwa amevivaa jangwani akichunga kondoo wa mkwewe.

Hija ya Makka imeyaweka yote mawili katika safari moja: kuvua na kuvaa, uchache na kipimo. Mwanamume akiingia katika ihramu, hali takatifu ya hija, haruhusiwi viatu vya kufunika mguu. Huvaa sandali zinazoacha vifundo wazi, na kwa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, iliyo salama zaidi ni ile isiyofunika vidole wala kisigino. Mwanamke hana sharti hilo. Wapo wanaodhani mshono wowote kwenye sandali unaiharibu ihramu, wakahangaika kutafuta za plastiki tupu zinazochubua. Wanazuoni wamefafanua mara nyingi kwamba kilichokatazwa ni vazi lililoshonwa kwa umbo la kiungo, wala si uzi. Kwa hiyo sandali ya ngozi iliyoshonwa vizuri inafaa, na ni bora mtu aizoeshe mguu wiki kadhaa kabla ya kuondoka. Kati ya vilima vya Safa na Marwa, mara saba, ni zaidi ya kilomita 3. Makka hadi Arafa ni kilomita 20 hivi, na wengi huishia kutembea sehemu kubwa ya njia ya kurudi kupitia Muzdalifa na Mina kwa sababu magari hayasogei.

Na sandali hupotea, au hukatika gidamu, huku lami inaunguza. Sheria ililiona hilo pia. Asiyepata sandali anaruhusiwa kuvaa khufu, soksi za ngozi. Katika mapokezi ya sahaba Ibn Umar ameambiwa azikate chini ya vifundo. Katika mapokezi ya sahaba mwenzake Ibn Abbas ruhusa ni hiyohiyo, ila kukata hakutajwi. Imam Shafi na wengi wengine walishika sharti la kukata. Imam Ahmad bin Hanbal alishika riwaya ya Ibn Abbas, na waliomfuata wakaongeza hoja kwamba kukata khufu nzima ni kuharibu mali, na Mungu hapendi uharibifu. Wakaambiwa: lakini Ibn Umar amelitaja wazi. Wakajibu kwamba maneno ya Ibn Umar yalisemwa Madina, kabla ya safari, na yale ya Ibn Abbas yalisemwa Arafa, mbele ya umati ambao wengi wao hawakuwapo Madina. Kama kukata kungekuwa lazima, hapo ndipo wangeambiwa.